Mama alimeza mpira wenye kamera, mjomba akaenda kutangaza msiba

Wakuu, heshima kwenu. Hii sijasimuliwa na mtu, nilikuwepo kwa macho yangu haya haya.

Ni Mwanza, miaka ya tisini, hospitali binafsi ndiyo zinaanza anza kufunguliwa. Simu za mkononi hakuna. Ukitaka habari ifike kijijini, unapanda gari uipeleke mwenyewe.

Mama yangu, mkulima wa pamba kule karibu na Bujora, alianza kuvimba juu ya kitovu. Anataka kutapika, hakitoki kitu. Maumivu mpaka anang'ata kanga.

Wazee wa kijiji wakasema ni mchango, ule ugonjwa wa tumbo, akanyweshwa mizizi. Wapi!

Tukamkimbiza hospitali mjini. X-ray ikaonyesha mfuko wa chakula umejisokota. Dawa yake upasuaji, lakini moyo wa mama ulikuwa dhaifu. Daktari akatuambia wazi, anaweza asiamke.

Ndipo akataja njia nyingine, endoscopy. Mpira mwembamba wenye kamera unapita mdomoni hadi tumboni, halafu daktari anaugeuza huo mpira taratibu mpaka mfuko ukae sawa. Hakuna kisu.

Mjomba, kaka yake mama na mkubwa wa ukoo, akawaka: "Dada yangu hamezi madude! Akafie kwake."

Kwetu mjomba akisema, kimesemwa. Sisi watoto tukanywea.

Mama akafumbua macho. "Kaka, nakuheshimu. Ila tumbo ni langu. Nitaumeza."

Mjomba akasonya, akaenda kupanda gari la Kisesa, kurudi kijijini.

Wakuu, yule mama akaumeza! Machozi yanamtoka, mkono wangu kaubana hadi ganzi, lakini hakuuvuta ule mpira. Daktari aliposema mfuko umekaa sawa, nililia kwa kujivunia mama yangu, sioni aibu kusema.

Alipopata nguvu tukarudi naye. Kufika uani, moto unawaka, wanaume wameuzunguka, akina mama wanalia. Mjomba alishatangaza msiba, watu wanasubiri mwili!

Mama akashuka garini mwenyewe, akatembea hadi katikati yao.

"Haya, mnamlilia nani?"

Mjomba akamsogezea kiti chake. Tangu siku ile, ukoo ukikaa kikao, mama anaulizwa kwanza.

Sisemi kila tumbo lililojisokota linatibika hivi, wengine kisu hakikwepeki, na daktari alituonya linaweza kujirudia. Ila ulizeni kama kuna njia nyingine, na mgonjwa mwenyewe asikilizwe.

Kwenu nani huwa anaamua mgonjwa atibiwe vipi? Mwageni ya kwenu hapa.