Namba Kumi na Moja Ilipita Mkononi Mwangu

Siku ya kwanza kazini Meneja wa Timu alinipa karai, mche wa sabuni na ufunguo wa stoo. Akasema, "Mama, sabuni ikiisha utaniomba nyingine. Ufunguo huo hata mimi sikuombi." Nikauvaa shingoni kwa uzi wa nyavu niliotoka nao Dunga, kando ya ziwa, nilikokuwa nikiuza samaki wa ngege. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Shule nilikuwa nimeachia darasa la pili, lakini namba za mgongoni nilizijua, na kwa kazi ile zilitosha.

Ilikuwa timu ya kiwanda cha pamba, na uwanja ulikuwa upande wa Nyamasaria. Ninyi vijana mnafikiri kufua jezi ni kufua tu. Kwetu jezi ilitolewa dirishani. Siku ya mechi Kocha alisimama kando ya stoo akiita namba na jina. Aliyeitwa alikuja dirishani, nami nikampa yake, imekunjwa. Haikutoka mkononi mwa Kocha wala wa Meneja. Ilitoka mkononi mwangu, na ambaye sikumpa hakucheza.

Siku hizo namba ilikuwa mahali pa kusimama. Moja kipa, tisa senta fowadi anayengoja mbele ya goli, kumi na moja winga wa kushoto, mtu wa kukimbia na laini mpaka kwenye kibendera cha kona. Kumi na moja ilikuwa ya mume wangu, Ogweno.

Kocha wetu wa kwanza alikuwa sajini mstaafu, tukimwita Afande. Alijua mpira wa namna moja. "Beki, piga mbele! Winga, kimbia! Lete krosi!" Beki anautupa mpira juu, Ogweno anaufukuza, anaurudisha mbele ya goli, senta fowadi anaruka na kichwa. Ukipotea, unapigwa tena. Udongo wa kule ni mweusi, na mvua ikinyesha unanata kama uji. Jezi ya Ogweno ilirudi nzito kuliko zote, nami niliifua mwisho ili wanawake pale bombani waione.

"Nyar Dunga," waliniita hivyo, binti wa Dunga, "bwana yako alicheza au alilima?"

"Alilima mabeki wenu," nikawajibu.

Afande akaondoka, akaja kocha mwingine aliyetoka kozi Nairobi, kijana wa viatu safi. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Mama, fungua nyavu za goli uzifungie stoo." Nikazifungia. Wachezaji wakakaa wiki nzima wakipeana mpira bila goli. Mtindo huo aliuita kumiliki mpira. Unampa aliye karibu, na hapohapo unahama mpaka pale anapoweza kukurudishia. Alitaka watatu wasimame kama mafiga ya jiko kila wakati, ili mwenye mpira asikose wawili wa kumpa. Goli hulikimbilii. Unakaa na mpira mpaka adui akose subira, atoke mahali pake akufuate, halafu unapitia pale alipopaacha.

Ogweno hakupenda. "Kocha, goli liko kule. Mbona tunarudi huku?"

"Ogweno, wewe uko na mbio. Lakini ukifika kule konani unakuwa na nani?"

"Nakuwa na mpira."

Watu wakacheka. Kocha hakucheka. "Basi uko peke yako," akasema.

Halafu akamleta Odongo kutoka Luanda Kotieno. Mwembamba, na mbio zake hazikutosha kukamata kuku. Mazoezini alikuwa anasimama tu, anatazama, anatoa mpira, anasimama tena. Nikajua. Mwanamke anajua nyumba yake inapotazamwa. Na haikuwa jezi tu. Kiwandani mchezaji alipewa kazi nyepesi, getini au kwenye mizani. Asiye na jezi alirudi kubeba marobota ya pamba, na Ogweno hakuwa kijana tena.

Jumamosi moja wakapanga foleni. Ogweno alisimama pale alipozoea, mkono tayari juu ya ubao wa dirisha.

"Kumi na moja, Odongo."

Ogweno hakuuondoa mkono. Mimi nilikuwa nimeshika jezi.

"Kocha, sijasikia," nikasema.

"Umesikia, Mama."

"Rudia."

Akarudia. Odongo akasogea, macho chini. "Mama, naomba jezi."

"Hii haiombwi."

Sijui tungesimama pale mpaka lini. Aliyesema ni Ogweno mwenyewe. "Nyar Dunga, mpe mtu nguo aingie uwanjani." Akauondoa mkono wake kwenye ubao. Nikampa Odongo. Sikumrushia. Nilimpa ikiwa imekunjwa, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Siku hiyo nilifunga stoo nikaenda kusimama nyuma ya kamba, upande wa kushoto kabisa. Nilitaka nimwone akiteleza. Odongo akipata mpira hakimbii, anaurudisha. Watu wakaanza.

"Wewe! Goli ni huku, umesahau?"

"Mwacheni, anarudi kwao Luanda Kotieno!"

Nilicheka kuliko wote. Wapinzani walifukuza mpira mpaka ndimi zikatoka nje. Kipindi cha pili, mpira ukiwa mbali naye, Odongo akaanza kutembea kuelekea katikati, polepole, kama anayekwenda kuchota maji. Beki aliyekuwa akimlinda akamfuata. Upande wetu wa kushoto ukabaki wazi kama soko baada ya mvua. Beki wetu akapita hapo, akapewa mpira, akausukuma chini chini mbele ya goli, senta fowadi akamalizia. Odongo hakuugusa. Watu wakamrukia senta fowadi, lakini Kocha alikwenda moja kwa moja kwa Odongo akamshika kichwa kwa mikono miwili. Ogweno hakuwahi kushikwa vile.

Nilipotia kumi na moja kwenye karai, maji hayakubadilika rangi. Niliyachukia maji yale.

Jumatatu Ogweno akaenda kwa marobota. Alirudi na pamba kwenye nywele na mabega yamevimba. Nikangoja amtukane Odongo, nimsaidie. Badala yake akamega matonge ya ugali akayapanga kwenye sahani.

"Ona, huyu ni beki. Huyu ni Odongo."

"Kula."

"Alimvuta beki bila mpira, Nyar Dunga! Mimi miaka yote nilikimbia tu."

"Kula, kinapoa."

Jumapili akamleta Odongo nyumbani. Ngege niliyomkaangia mume wangu wakaila wawili, kisha wakapanga miba mezani, huyu winga, huyu beki. Miaka yote ya ndoa nilikuwa nimeambiwa habari za mahindi na karo. Kumbe alikuwa na maneno mengi hivyo ndani yake! Aliyafungulia mtu aliyemnyang'anya mkate.

"Mama, samaki tamu," Odongo akasema.

"Nilimpikia mume wangu."

Ogweno akacheka mpaka akapaliwa. "Omera, ndugu yangu, huyu ni beki. Hakupi nafasi!"

Akawa anakuja kila Jumapili. Mabega ya Ogweno hayakupona, na asubuhi moja nikajifunga leso nikaenda kwa Meneja wa Timu. Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga, kwamba Ogweno apewe vijana wadogo awafundishe, kwa sababu sasa anauelewa mpira kuliko alipoucheza. Nikayasema yote nikiwa bado nimesimama.

"Mama, umechelewa," Meneja akasema. "Odongo alikuja jana kuniomba hilohilo. Nimekubali."

Hata hilo alinitangulia. Ogweno alitoka kwenye marobota kwa mdomo wa Odongo, si kwa mdomo wangu. Nilipaswa kumshukuru. Mpaka leo sijamshukuru.

Baada ya hao walikuja makocha wengi na mameneja wengi. Niliwafulia wote. Siku hizi wajukuu wananiita nitazame mpira kwenye televisheni, wananieleza kupeana pasi kama jambo lililozaliwa jana. Nawaambia wakae chini. Nililiona likifika Nyamasaria, na lilikula nyumbani kwangu.

Nilipostaafu Meneja aliyekuwepo aliniuliza nataka zawadi gani. Wengine walichukua saa ya ukutani. Nikasema nataka kumi na moja, ile ya zamani. Iko ndani ya sanduku, na ufunguo nauvaa shingoni.

Wazee wote wawili wangali hai. Odongo bado anakuja baada ya kanisa, na wanabishana jezi ile ilikuwa ya nani. Ogweno anasema ni ya aliyeichafua. Odongo anasema ni ya aliyeirudisha safi. Jumapili iliyopita Odongo aliniita, kwa sauti ileile ya dirishani.

"Mama, tuione tu. Tutaikunja tena."

"Hapana."

"Miaka yote hii, bado tu?"

"Bado."

"Basi nipe hata chai."

"Chai utapewa na Ogweno. Si ndiye rafiki yako?"

Wakacheka wote wawili pamoja, kama kawaida yao. Mimi nikaingia ndani nikafunga mlango, nikafungua sanduku, nikaitoa jezi, nikaivaa.