Na Mlima Nao Amekupunguzia?

Baba alichukua lori kwa tajiri mmoja wa mjini Sumbawanga, kwa makubaliano ya kulipa kila mwezi. Akawa anashuka nalo mlima hadi Kaoze, bondeni, kupakia mpunga, samaki wakavu na abiria. Masika yakaharibu barabara, safari zikakatika, malipo yakamshinda. Tajiri akamshauri arudishe lori lile achukue dogo kuukuu, ili malipo ya mwezi yapungue. Baba alirudi nyumbani Majengo akitabasamu.

"Sasa tutapumua," alimwambia mama.

"Na mlima nao, huyo tajiri amekupunguzia?"

Lori dogo lilishuka Kaoze vizuri, lakini wakati wa kurudi, likiwa na mzigo, liligoma katikati ya mlima. Abiria waliokwisha kulipa nauli wakajitwika magunia yao, wakapanda kwa miguu huku wakitutukana. Safari iliyofuata hakupanda mtu.

Tajiri naye hakuliuza lile lori letu kubwa tulilomrudishia. Aliliweka kwenye njia ileile, na wateja wetu wote wakahamia huko. Watu walisema tusiwalaumu. Mimi niliwalaumu, na bado nawalaumu.

Lile dogo likabaki uani, kuku wakitagia ndani yake, na baba akaendelea kulilipia.

Kisha mama akaugua tukiwa msibani Kaoze. Likapita lori letu la zamani. Baba alimpandisha mama mbele, kwenye kiti alichokishona kwa mkono wake, akalipa nauli, akaja kukaa nami nyuma juu ya magunia ya watu.

Lilipanda mlima bila kusita.