Ndoo Iliyowaka Kwenye Dashibodi

Kabla yangu, Tabora nzima haikuwa na mtu mwenye gari lenye choo. Nasema hivi bila kujivuna, maana ni kweli tupu. Nendeni Ipuli mkaulize ni uani kwa nani nyumba moja imeegeshwa kando ya nyumba nyingine. Niliishia darasa la tano. Nilianza na baiskeli, nikibeba asali kutoka porini huku nyuki wakinisindikiza mpaka sokoni, na leo namiliki gari-nyumba: kitanda nyuma, jiko la gesi, friji, bomba, choo, na paneli za sola juu ya paa.

Mababu zangu walibeba mizigo ya watu begani kutoka hapa mpaka Ujiji kwa miguu, na njia nzima waliimba ili wasahau mabega. Mimi kwenye njia ile ile nabeba choo, na naimba kwa sababu redio inafanya kazi. Mpango wangu ulikuwa kuwapeleka watalii waione njia ya misafara wakiwa wamelala. Watalii walikuwa hawajapata habari zangu. Majirani walizipata, wakaliita gari langu friji la kutembea, lakini walivyolitamka nilijua wanatamani.

Kilichonipendeza kuliko vyote ni skrini. Iko kando ya usukani, imejaa vipicha vinavyowaka: bomba kwa maji safi, radi kwa betri, jua kwa paneli, kipande cha barafu kwa friji, halafu ndoo. Ndoo ni tangi la choo. Dereva akiwa amekaa kitini pake anajua kila linalotokea nyumba nzima. Mtu akitumia choo, bomba linawaka, maji safi yanashuka, kisha ndoo inawaka, inalia ting, na inapanda. Siku nilipolileta niliwaita majirani waone. Mmoja akaingia chooni, sisi wengine tukabaki mbele tukimsoma. Alipotoka tulimpigia makofi.

Sasa, mjukuu wa mama mkwe wangu, binti aliyelelewa naye tangu akiwa mchanga, alikuwa anaolewa Usinge. Mama mkwe akatamka mbele ya ukoo wote kwamba keki itatoka Tabora mjini, yenye krimu nyeupe, na italiwa ikiwa na baridi yake. Ndugu walicheka. Ilikuwa Oktoba, mvua bado, na jua la Usinge wanalijua. Shangazi mmoja akasema labda wageni wapewe keki kwa kikombe, wainywe. Mama mkwe hakucheka. Ndipo mimi, kupitia kwa mke wangu, nikampa neno langu: keki itaingia Usinge ikitetemeka.

Nieleze kwa nini kupitia kwa mke wangu. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Hatupeani mikono, hatuli sahani moja, hatutazamani usoni. Shikamoo naitoa nikitazama viatu vyangu, na marahaba inarudi kutoka upande aliogeukia. Baada ya hapo kila neno linapita kwa mke wangu, hata tukiwa chumba kimoja. Tumeishi hivyo miaka yote ya ndoa na hatujawahi kugombana. Nawajua watu wanaozungumza kila siku ambao hawawezi kusema hivyo.

Asubuhi ya safari nilivaa suti kabisa, ili nikishuka Usinge niwe tayari kutazamwa. Keki ikaingia frijini: ghorofa mbili, na juu yake wamesimama bibi harusi na bwana harusi wa plastiki. Mke wangu akakaa mbele pembeni yangu. Mama mkwe akakaa nyuma karibu na friji, ametupa mgongo, mkono mmoja juu ya mlango wake kama mtu anayelinda mgonjwa.

Barabara ilikuwa safi. Tulipopita Urambo nikasikia nyuma mlango mdogo ukifungwa. Kwa adabu nikaongeza sauti ya redio. Haikusaidia kitu. Bomba likawaka. Maji safi yakashuka. Ndoo ikawaka.

Ting.

Ndoo ikapanda.

Uso uliniwaka moto. Mimi, mkwe, nilikuwa nimeyajua mambo ambayo hata marehemu baba mkwe labda hakuwahi kuyajua kwa kipimo kile. Nikakazia macho barabara kama mtu aliye kwenye mtihani. Nyuma mlango ukafunguka, na hatua zikaja taratibu mpaka nyuma ya kiti cha mke wangu.

"Mwanangu, hiyo kengele ni ya nini?"

Mke wangu ana mambo mengi mazuri, lakini kudanganya hajui.

"Ni ya choo, mama, hiyo ndoo inayowaka pale. Kinamwambia baba watoto kimejaa kiasi gani."

"Kinamwambia nani?"

"Baba watoto."



"Mwambie mumeo asimame."

Nilikuwa nimeshasimama.

"Mwambie mumeo aiue hiyo ndoo. Asipoiua, nashuka hapa hapa, keki naibeba kichwani mpaka Usinge."

"Mama anasema..."

"Nimesikia," nikasema.

"Hujasikia. Sijakwambia bado."

Akaniambia, nikasikia rasmi. Kwanza nilibandika karatasi juu ya ndoo, lakini chini ya karatasi kengele bado ingelia, na aibu ya kusikia ni mbaya kuliko ya kuona. Mtu mwingine angeishia hapo. Mimi nilivua koti, nikafungua kidirisha chini ya sinki, nikaufuata waya wa ile ndoo mpaka kwenye tangi, nikauchomoa. Nikarudi mbele. Ndoo imetoweka. Bomba, radi, jua na barafu vimebaki pale pale, vinawaka vizuri.

"Mwambie mama, ndoo imekufa."

"Mama, ndoo imekufa."

"Mwambie ahsante."

Nilivyoondoka pale nilijiona daktari wa upasuaji. Na betri yangu nayo ilinipa raha: tulitoka Urambo, tukaingia Kaliua, tukatoka Kaliua, na ile radi haikushuka hata chembe. Nikamwambia mke wangu, tazama, hii ndiyo betri, siyo yale makopo wanayouziwa watu. Friji nayo, nikamwambia, inasoma baridi ile ile ya asubuhi, haitikisiki.

Mbele kidogo ya Kaliua mke wangu akaenda nyuma kuchukua maji ya kunywa. Akafungua friji.

"Baba watoto."

"Naam."

"Friji inasemaje huko kwako?"

"Baridi kabisa."

"Basi njoo uiambie na keki."

Nikasimamisha gari karibu na vibanda viwili vya biashara. Ndani ya friji kulikuwa na joto la mfukoni. Krimu ilikuwa inatoka jasho, na bwana harusi wa plastiki ameanza kumwegemea mwenzake kama mtu aliyetoka kilabuni. Mama mkwe akamsogeza mke wangu kando. Aliufunga ule mlango, akaugeuzia mgongo, akauegemea kwa uzito wake wote ili hata hewa isipite. Nikamwona mabega yake yameshuka. Alikuwa anamsikia yule shangazi akiomba vikombe.

Hapo ndipo mtu anajulikana. Nilikagua fyuzi, zima zote. Nikakaza vichwa vya betri. Nikapanda juu ya paa na suti yangu, nikapangusa vumbi kwenye paneli kwa tai, maana sikuwa na kitambaa kingine. Watu wa vibandani walitoka kunitazama, mmoja akaniuliza kama juu kuna mtandao. Nikashuka, nikazima umeme wote wa nyumba, nikauwasha upya. Skrini ikafikiri, ikafikiri, kisha kila kipicha kikaonyesha mstari mtupu. Hata radi. Kumbe tangu Urambo ilikuwa inanionyesha habari za zamani, nami nazisifia.

Mke wangu akapanda bodaboda kurudi Kaliua kutafuta barafu. Alipoondoka ndipo nilipogundua kwamba ndani ya gari tumebaki mimi na mama mkwe, na hakuna wa katikati.

Nikajikunja karibu na sinki nikimpa kisogo, nikampigia fundi wa Dar aliyenifungia ile mitambo. Simu niliiweka chini na sauti juu, mikono ikiwa imejaa nyaya.

"Mzee, shikamoo!"

"Marahaba. Fundi, gari limepofuka. Mistari mitupu, na friji imegoma."

"Tuliza boli, mzee. Mistari kwenye vyote?"

"Vyote."

"Basi betri haina kosa. Waya wa taarifa umekatika mahali. Zile sensa zote ziko kwenye waya mmoja, zimeshikana mikono kama watoto wa chekechea wanavuka barabara. Mmoja akiachia, wote wanapotea. Na kile kiboksi cha umeme kikikosa habari za betri kinaizima friji, kinaogopa kuimaliza. Sasa niambie, kuna kitu umechomoa?"

Nyuma yangu nikasikia kitenge cha mama mkwe kikitulia.

Ningesema nini? Niseme mbele yake, kwa sauti, na simu ikitangaza mpaka vibandani, kwamba nimechomoa waya wa choo kwa sababu ya yeye kwenda chooni? Hata leo nikiulizwa pale pale nitajibu kama nilivyojibu.

"Sijachomoa kitu."

"Hakika, mzee?"

"Unanijua mimi."

Basi akanituma. Nitazame chini ya kiti cha dereva: pazima. Nitazame nyuma ya kitanda: pazima. Nipande tena paani nifuate waya wa paneli: mzima, na suti imechanika gotini. Nilirudi natweta, nikajikunja tena karibu na sinki, na fundi bado ananiuliza maswali ya darasa la sita ambalo sikufika.

Ndipo nikasikia friji ikifunguliwa kidogo na kufungwa haraka. Kisha sauti ya mama mkwe, taratibu, yenye heshima zote:

"Bwana harusi."

Nikageuza jicho kidogo sana. Alikuwa amemchomoa yule wa plastiki kwenye keki. Amemshika mbele ya uso wake, miguu imejaa krimu.

"Bwana harusi, mwambie mkwe wangu amweleze fundi ukweli. Ule waya aliuchomoa kwa heshima yangu. Sasa auseme kwa heshima yangu. Keki inakufa."

Sikuwa na mtu wa kumpitishia jibu, maana bibi harusi amebaki frijini.

"Bwana harusi," nikasema nikitazama bomba la sinki, "mwambie mama nimesikia."

"Mzee," fundi akasema kwenye simu, "hapo kuna harusi?"

"Fundi, sikiliza. Nilichomoa ile."

"Ile ipi?"

"Ile ya chini."

"Zote ziko chini, mzee."

"Ile... isiyotajwa."

Kisha fundi akauliza kwa sauti ndogo:

"Mzee, hapo uko na nani?"

"Mama mkwe."

"Aaa! Ndoo!" Akashusha pumzi. "Pole sana. Na mimi wangu yuko Nzega, yakinikuta hayo nahama nchi. Basi usiirudishe. Hapo kuna waya unaoingia kwenye ndoo na mwingine unaotoka, sivyo? Wachomoe wote wawili, uwaunganishe wenyewe kwa wenyewe. Wataruka ndoo, watashikana mikono, safari iendelee."

Zile ncha ziliingiana kama zilikuwa zinatafutana. Friji ikakohoa, ikaanza kunguruma. Nikakimbilia mbele: bomba, radi, jua, barafu, vyote vinawaka, na mahali pa ndoo pana mstari mmoja mtulivu ambao haumjui mtu. Radi ilikuwa chini kidogo ya nusu, hilo silipendi kulisema, lakini ilikuwa radi ya kweli.

Mke wangu akarudi na fuko la barafu likidondoka maji mapajani. Akasikia friji, akatutazama sote wawili, kila mmoja ameangalia upande wake.

"Nani amewaambia nini?"

Tukaizungushia keki barafu, tukaondoka.

Usinge walikuwa wamejipanga barabarani, shangazi mbele yao. Kiti cha heshima kililetwa kwa ajili ya keki kabla ya kuletwa changu. Ghorofa ya juu ilikuwa imeinama kidogo upande wa magharibi, na bibi harusi wa plastiki amezama kiunoni, lakini shangazi alipotia kidole akakitoa upesi, akakipuliza.

"Loo! Inauma meno!"

Mama mkwe alisimama kando yake akiwa mrefu kuliko nilivyowahi kumwona. Mtu mmoja akauliza mbona bibi harusi wa plastiki yuko peke yake. Mama mkwe akasema mume yuko kazini.

Jioni, wakati wa kuondoka, aliingia garini kwa mlango wa nyuma kama kawaida. Nikiwa nimeshika usukani, mkono wa mke wangu ukapita mbele yangu na kitu. Ni yule bwana harusi, ameoshwa, ananukia sabuni.

"Mama anasema amempa ujumbe wako, umuulize mwenyewe."

"Mimi nimuulize mdoli?"

"Usiniulize mimi. Mimi sikuwepo."

Nikamsogeza sikioni, kwa siri, nisionekane mjinga. Kutoka nyuma, kwa yule aliyetupa mgongo, ikasikika:

"Bwana harusi, mwambie mkwe wangu ana gari zuri."

Nilimpaka gundi nikamsimamisha kwenye skrini, pale pale penye mstari wa ndoo. Tangi likijaa sina njia ya kujua mpaka pua iniambie, na siku nikiwapata watalii itabidi niwaeleze. Wao nao wana mama wakwe.