Upepo wa Tairi la Bwana Mifugo

Hii stori inanifanya nionekane fala, lakini acha niisimulie. Juzi pale Nachingwea nilimwona jamaa anasukuma pikipiki yenye pancha juani, nikamkumbuka bwana mifugo aliyekuja kwetu Nandagala kipindi cha homa ya nguruwe, nikiwa bado mtoto.

Mchana ule nguruwe wetu waliuawa wakafukiwa shimoni. Dawa aliyopuliza bandani iliwasha mpaka puani, nami nikaamini ndiyo sumu iliyowaua. Sikujua kwamba ugonjwa ule hauna tiba, na ukimbakiza mmoja, unahamia kwa jirani. Nilichojua ni kwamba jamaa katuonea, na lazima alipe.

Bibi alikuwa ameficha kitoto kimoja cha nguruwe jikoni, amekifunika kwa tenga. Alipokuwa anamuaga mgeni kwa heshima zote, "Haya baba, safari njema," mimi nilichuchumaa nyuma ya pikipiki nikafungua upepo wa tairi. Pssss! Utamu wake, nakwambia, kama bibo la mkorosho la wizi.

Basi jamaa akashindwa kuondoka. Akakaa kwenye kigoda kusubiri pampu, jua likazunguka, na kule jikoni njaa ikakiuma kile kitoto. Kikalia.

Jioni, tenga likiwa tupu na kitoto kimefuata wenzake shimoni, nilimnong'oneza Bibi kwamba ni mimi niliyemkomoa yule mtu. Akaniambia kwa utani wa bibi na mjukuu, "Mume wangu, siku nyingine ukitaka kumkomoa mtu, ngoja kwanza afike kwao."