Mama Kilo na Miti Miwili ya Keshero

Saa mbili asubuhi, na kiwanja kimoja cha Keshero, mjini Goma, kinanuka udongo uliomwagiwa maji. Apolline Katungu anaweka tunda kwenye mizani, anangoja mshale utulie, kisha anasoma kwa sauti ya mwalimu anayeita majina.

"Mia mbili na kumi."

Upande wa pili wa meza, mzee Twagirayezu anaandika kwa chaki kwenye ubao wa mlango wa zamani.

Mbele yao matunda yamepangwa safu nne. Kila kikonyo kimefungwa uzi, mwingine mwekundu, mwingine mweupe. Ni cherimoya, ndugu wa stafeli, ambalo watu wa Goma wanaliita "coeur de boeuf", moyo wa ng'ombe. Ganda lake ni la kijani, nyama yake nyeupe na laini, na huliwa kwa kijiko. Sokoni hulioni kila siku, na ukiliona huwa dogo kama ngumi ya mtoto.

Kabla ya jioni, Katungu, mwenye umri wa miaka 49, lazima amwambie mwenye kiwanja ni mti upi kati ya miwili iliyopo ukatwe. Mmoja ni wake. Mwingine ni wa Twagirayezu. Mizani hii ndiyo itakayoamua, au ndivyo walivyokubaliana miezi saba iliyopita.

Katungu ni mtu wa kitalu. Ana miche zaidi ya elfu mbili kwenye mifuko myeusi: parachichi, mibuni, maracuja yaani pasheni, maua ya mbele ya nyumba za watu wenye uwezo. Mche wa kawaida anauuza dola moja. Ule uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kitawi kilichokatwa kwenye mti mama, ni dola tano. Mwezi mzuri humwachia dola tisini, na kwa hizo amemsomesha binti yake Fabiola mpaka akapata diploma ya serikali ya kumaliza sekondari.

Lakini hakuna anayekuja Keshero kuulizia Apolline. Wanaulizia Mama Kilo. Jina hilo alilipata miaka sita iliyopita, pale cherimoya lake la kwanza lilipofika kilo moja juu ya mizani hii hii na majirani wakaja kulipiga picha.

Mti uliozaa tunda lile una asili yake Lubero, kwenye ua wa marehemu baba yake. Siku ya tatu baada ya maziko, ndugu zake walipokuwa wakigawana viti na sufuria, Katungu alipanda juu ya mti na kukata vitawi vinane. Alivifunga kwa kitambaa kibichi na kusafiri navyo mapajani kutoka Butembo, mji wa huko huko Lubero, hadi Goma. Vitawi saba vilikauka. Cha nane kilishika, na ndicho kilichokua kikawa mti ulio mbele ya mlango wake.

"Nyumba ya papa waliuza. Nikitaka kumuona, naangalia muti," anasema.

Mti wa pili uko karibu na ukuta, nao una safari yake. Twagirayezu, mwenye miaka 63, alikuwa mkulima juu ya milima ya Rutshuru. Vita vilipomfukuza, alikata vitawi vitatu kwenye mti wa mama yake, akavichomeka ndani ya kipande cha shina la mgomba ili visikauke, na kukibeba begani mpaka Kanyaruchinya, kambi ya waliokimbia vita nje ya Goma. Watu waliomwona chini ya turubai akikilowesha kipande cha mgomba walidhani akili zimemruka.

Alifika kwa Katungu akitafuta kibarua cha kubeba magunia ya udongo. Goma ni mji wa mawe ya volkano, na mwenye kitalu hununua hata udongo. Siku ya pili ya kazi alimwonyesha mama huyo kitawi chake kimoja kilichokuwa bado kibichi.

"Nilimuambia, Muzee, lete," Katungu anakumbuka. "Mutu amekimbia, ameacha mbuzi, ameacha godoro, anabeba kijiti. Huyo ni mutu wa miti."

Kwa hiyo kiwanja kikawa na cherimoya aina mbili zenye sifa ya matunda makubwa, na Katungu akaanza kuzilinganisha. Kila msimu alipima. Wa Lubero ulitoa matunda ya karibu kilo. Wa Rutshuru haukuvuka sana nusu kilo. Akatoa hukumu yake, akabebesha miche 86 kwa vitawi vya mti wa baba yake, akaiuza yote akiahidi kilo. Kwa bahati nzuri au mbaya, watu walimwamini.

Hapo ndipo palipokuwa na kosa, na lilikuwa limelala katika burashi ndogo ya kujipodolea ya Fabiola.

Ua la cherimoya lina tabia ya ajabu kidogo. Likifunguka, kwanza ni jike. Kesho yake jioni linageuka dume na kutoa chavua, wakati ujike wake umekwisha kupita. Vijidudu vidogo husaidia pale vinapotaka, na mara nyingi havitaki. Basi Katungu alikuwa akikusanya chavua jioni kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka, na asubuhi, kabla ya chai, akipita na burashi kutoka ua hadi ua. Ua lililoguswa vizuri huzaa tunda kubwa, la mviringo. Lisiloguswa huzaa tunda lililopinda, au halizai kabisa.

Ila burashi hiyo ilipita kwenye mti mmoja tu. Mti wa ukutani haukuguswa hata siku moja, kwa sababu mwenyewe alikataa.

"Kwetu, mutoto akigusa ua la muti wa matunda, siku ya kuvuna anaangalia wenzake wanakula," Twagirayezu anaeleza. "Mama alikuwa anatukumbuka wote, nani aligusa, nani hakugusa. Alikuwa anasema yule wa kugusa amekwisha kupata yake. Hata leo nikiona ua, mukono unarudi nyuma."

Katungu aliheshimu. Hakuona kwamba kwa kuheshimu kule alikuwa akishindanisha mti unaosaidiwa na mti unaojitegemea, kisha akimsifu mshindi. Mtu wa kitalu kwa miaka kumi na saba, na jambo hilo lilimpita mbele ya pua.

Mwaka jana aliteleza kwenye mawe akavunjika kifundo cha mguu. Miezi miwili alilala ndani, na burashi ikalala naye. Msimu ulipofika, mti wa baba yake ulitoa matunda machache yaliyojikunja. Ule wa ukutani ulizaa kama kawaida yake, nusu kilo, nusu kilo, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wiki hiyo hiyo akaja mteja kutoka mtaa wa Katoyi, Mama Athanasie, muuza vitenge, aliyewahi kununua mche mmoja kati ya ile 86. Alikuja na mfuko wa matunda yake, akayamwaga mezani.

"Mama Kilo," alisema, "muti niko nao, matunda niko nayo. Kilo yangu njo sioni."

Katungu alimuuliza kama anayashika maua kwa burashi. Mama Athanasie alicheka. Saa kumi na mbili asubuhi yeye huwa barabarani na mzigo kichwani. Nani anashinda akiyapodoa maua?

Mteja alipoondoka, Katungu aliketi kwenye gunia la udongo na kulia. Hafichi.

"Sikuwa najua kama ninadanganya watu. Nilikuwa nauza mukono wangu, na bale watu wanafikiri wananunua muti."

Kama hiyo haikutosha, akaja mwenye kiwanja. Papa Édouard ni mstaafu mpole, amechoka kununua maji kwa madumu, na anataka kuchimba tangi la kuvuna maji ya mvua. Tatizo ni kwamba chini ya Keshero ni mwamba mtupu. Mahali pawili tu kiwanjani mwamba ulikwisha kupasuliwa na shimo kujazwa udongo: chini ya mti wa mlangoni na chini ya mti wa ukutani.

"Mimi sina shida na miti," anasema Papa Édouard. "Niko na shida na lave, hii mawe ya volkano. Kuipasua ni kazi ya mwezi. Pale muti uko, watu walishapasua. Nilimuambia Mama Fabiola achague mwenyewe."

Kabla ya mguu kuvunjika, Katungu angejibu bila kufikiri: ukatwe wa ukutani. Hata siku ile alianza kumwambia hivyo kwa mazoea, kisha akajikatiza. Sasa aliomba msimu mmoja. Papa Édouard alinung'unika, akampa.

Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi, ila lilihitaji ruhusa ya mtu mmoja. Kila mti ulipangiwa maua thelathini ya burashi, yenye uzi mwekundu, na thelathini ya kuachwa yalivyo, yenye uzi mweupe. Twagirayezu alifikiri siku mbili. Kisha akaja na sharti lake: Katungu anaweza kuyagusa maua ya mti wa ukutani, lakini matunda ya maua aliyoyagusa hatayala. Ile desturi ya mama itabaki palepale.

Katungu akakubali. Asubuhi zote alizopita na burashi upande wa ukuta, mzee alitafuta kazi upande wa mlango.

Matunda machache yaliyochumwa mapema yalikwisha kuiva na kuonjwa. Katungu aliyaonja ya Lubero yote, na ya Rutshuru yale ya uzi mweupe peke yake. Alipofika kwenye yale ya uzi mwekundu aliweka kijiko chini, na hakuna aliyemkumbusha.

"Kwa utamu, muti wako unashinda," Twagirayezu alimwambia siku ile. "Siwezi kukataa. Wangu una ganda gumu tu, unaweza kufika mbali bila kupasuka."

Leo ni uzito. Ilipofika saa nne, ubao ulikuwa umejaa. Kwa burashi, mti wa Lubero ulishikilia matunda 22, wastani gramu 910, na moja lilifika kilo moja na gramu 260, kubwa kuliko yote aliyowahi kuyapima. Kwa burashi, mti wa Rutshuru ulishikilia 20, wastani gramu 870.

Bila burashi, wa Lubero ulishikilia matunda manne. Wastani, gramu 205. Wa Rutshuru ulishikilia kumi na matatu, wastani gramu 540.

Twagirayezu aliweka chaki chini. "Wako ni mukubwa," alisema. "Ubao unaonyesha."

Na ulionyesha kweli. Ukitafuta tunda kubwa zaidi Keshero, ni la mti wa baba yake. Ni tamu zaidi pia. Katungu angeweza kusema hivyo mbele ya yeyote bila kuongeza gramu moja ya uongo, na mzee angechukua panga bila kulalamika.

Katungu alisogea kwenye ubao. Halafu akaweka kidole kwenye safu ya uzi mweupe.

"Muzee, bale watu 86 wananunua nini kwangu? Hawana burashi. Mama Athanasie hana asubuhi. Wananunua hii safu hapa."

Papa Édouard alifika saa kumi na moja. Katungu alimpokea kwa kiti, kwa chai, na kwa jibu lisilo na mzunguko: tangi lichimbwe mbele ya mlango. Mwenye kiwanja alirudia swali mara mbili, kwa sababu alijua ule ni mti wa nani. Mara ya pili Katungu alijibu kwa kichwa tu.

Kesho yake, kabla vijana wa msumeno hawajafika, alipanda juu ya mti kama alivyopanda Lubero siku ya tatu ya msiba. Alikata vitawi vinane. Alivibebesha kwenye miche minane na kuiweka dirishani. Si ya kuuza.

"Hiyo ni ya mukono wangu mimi. Nitaishika kwa burashi mpaka nizeeke. Mwingine nisimupe kazi hiyo," anasema.

Msumeno ulipoanza aliingia ndani, akatoka pale uliponyamaza.

Mpango wake sasa ni kuzunguka. Nyumba kwa nyumba, Katoyi, Keshero na kwingineko, atawafuata wateja wake wote 86 na kuibebesha upya miti yao kwa vitawi vya Rutshuru, bila malipo. Ameshaanza na Mama Athanasie. Anakadiria kazi hiyo itamla misimu miwili, na kwamba baadhi ya watu watamfokea. Jina la Mama Kilo, anasema, watu wanaweza kulifuta wakitaka.

Twagirayezu atatembea naye, akibeba kisu na vitawi ndani ya kipande cha shina la mgomba. Kwenye vibao vya miche mipya Katungu alitaka kuandika "Rutshuru". Mzee aliomba, kama haisumbui, paandikwe jina la mama yake. Sasa kila mfuko wa miche hiyo una kibao cha mbao kilichoandikwa kwa mwandiko wa shule: Uwingabire.

Siku ya nne baada ya mti kukatwa, mwandishi wa habari hizi aliwakuta wawili hao wameketi kwenye gogo, kando ya shimo la tangi. Twagirayezu alikuwa ametoa tunda alilolifukia katika majani makavu ili liive. Lilikuwa la mti wa ukutani, kubwa kuliko yote ya safu yake, na kwenye kikonyo chake bado kulikuwa na uzi mwekundu.

Alilipasua katikati kwa mikono. Nusu moja alibaki nayo. Nyingine akaiweka mapajani mwa Katungu, na kijiko juu yake.

Katungu alitazama ule uzi. "Muzee, hili niligusa."

"Najua," alisema Twagirayezu. "Kula."