Mwonja Komoni wa Mama Ritha

Bernadina alikuwa mpika komoni, pombe ya kienyeji, pekee pale Kagongwa ambaye hakunywa. Aliokoka miaka mitatu nyuma, na mchungaji, muungwana aliyejua kwamba sadaka haidondoki kutoka mbinguni, alimruhusu aendelee kupika hadi Bwana amwonyeshe biashara nyingine. Alimkataza kuonja tu. Bwana hakuwa na haraka.

Lakini komoni lazima ionjwe. Ikiuzwa changa, wateja wanaharisha. Ikipitiliza, wanahamia kwa jirani. Kazi hiyo akapewa bintiye Ritha, wakati huo ana miaka kumi na mmoja. Alianza na kijiko. Kijiko hakikutosha, akahamia kikombe. "Bado, mama," alisema, au, "Imeiva." Hakukosea hata siku moja, na mama yake aliujivunia ulimi ule kama wengine wanavyomjivunia mtoto anayeongoza darasa.

Kuuzia watoto, hilo hakulifanya kamwe. Mtoto aliyetumwa na baba yake alirudishwa na dumu tupu: "Kamwambie baba'ko miguu anayo." Kwa hiyo kata ilipoanzisha ushirikiano wa kupambana na unywaji wa watoto, shule, zahanati, makanisa, msikiti na wenye baa wakiwa kitu kimoja, Bernadina aliteuliwa kuwa mzazi wa mfano. Mwenyekiti akawa Mzee Donatus, mwenye baa mbili, kwa kuwa viti vya mikutano vilikuwa vyake.

Mwezi wa pili wa ushirikiano huo, mwalimu Ngusa akamwita Bernadina shuleni. Ritha alikuwa amelalia dawati tangu asubuhi, ananuka pombe.

"Nani anakuuzia?" mwalimu aliuliza.

"Siuziwi."

"Ulianza lini?"

"Mama alipookoka."

Mwalimu alidhani anakejeli dini, akamkaripia. Bernadina alitazama sakafu.

Majina ya watoto kumi na wawili yaliandaliwa, waonwe na mtaalamu wa ushauri kutoka Shinyanga. Yalipofika kwa Donatus yakabaki kumi na moja.

"Tumekusitiri, Mama Ritha," alisema. "Mama wa mfano anaingiaje kwenye orodha?"

Bernadina akasema asante. Asante hiyo ilimkaa kooni siku nne. Siku ya tano akamshika Ritha mkono hadi zahanati, ambako muuguzi Agnetha alipitisha kidole kwenye karatasi ya majina.

"Huyu hayumo."

"Mwongeze."

"Imeshagongwa muhuri, mama. Kwani ana nini?"

Kwenye benchi walikaa wazazi aliowahi kuwafukuzia watoto wao na madumu yao. Wote waligeuka wasikie.

"Anakunywa. Na anayempa ni mimi."

"Kha! Kumbe mama wa mfano!" mmoja akacheka. Ritha alitazama mlango. Agnetha akaandika jina kwa kalamu, chini ya muhuri.

Kesho yake kamati ya Donatus ilimvua Bernadina cheo cha mzazi wa mfano kwa kuuaibisha ushirikiano. Alimwaga pipa zima, akaanza kuuza mihogo. Ritha alionana na mtaalamu mara mbili. Mara ya tatu alikaa kwenye benchi hadi saa nane, mikono ikimtetemeka, ndipo wakaambiwa mradi umefungwa.

Ripoti ya mwisho ilisomwa kwenye viti vya Donatus, watu wakapiga makofi. Ilisema kwamba katika kata nzima amebainika mzazi mmoja tu anayempa mtoto wake pombe.