Mbwa Mwenye Mama

Mtaani walimwita Fundi Kelele, na wala halikuwa tusi, ndiyo kazi yenyewe. Pale kituo cha redio yeye ndiye aliyekuwa mvua, upepo, mlango, farasi na mto. Mvua ilikuwa kunde kavu zikimwagwa taratibu juu ya sinia. Moto ulikuwa mfuko wa nailoni ukifikichwa karibu na maikrofoni. Mto ulikuwa beseni la kufulia, lile la bluu lenye ufa mdomoni, na nyayo za watu wote, wanene kwa wembamba, zilitoka kwenye sanduku la kokoto ambalo alilikanyaga akiwa amesimama palepale.

Kazi ya kuumba dunia, ukiitazama vizuri. Lakini Mungu hakuumba dunia kwa kibarua, na Fundi Kelele alikuwa kibarua. Mchezo wa redio ukiwepo, analipwa. Usipokuwepo, anaambiwa avute subira, mvumilivu hula mbivu. Alivumilia mpaka mbivu zikaoza, mvi zikamwota, na bado akawa anaulizwa getini amekuja kumwona nani.

Mama yake alikuwa akishona sare za shule mbele ya nyumba yao, cherehani chini ya dirisha, redio kwenye rafu juu yake. Mchezo ukianza alisimamisha mguu, na majirani wakasogeza vigoda. Radi ikipiga redioni, mama aliwaambia bila aibu yoyote: "Hiyo radi ni mwanangu."

Basi siku moja Mkurugenzi wa Michezo ya Redio akaingia studio na kitabu kinene kama tofali. Juu ya jalada palikuwa na mzungu mwenye kofia ngumu, amemkanyaga chui aliyekwisha kufa. Mwandishi, tuliambiwa, alikuwa msafiri mkubwa sana wa zamani. Alikaa kwetu miezi michache, mingi yake akitetemeka kwa malaria ndani ya hema, kisha akarudi kwao akaandika tabia zetu zote, hakusahau hata moja. Jamani, kuna watu wana macho! Wewe umezaliwa hapa, umekulia hapa, na hukujua kwamba hupendi kazi, kwamba unacheka bila sababu, kwamba huwezi kufikiria kesho, na kwamba eti maumivu huyasikii kama watu wengine. Yule bwana aliyajua yote hayo akiwa amelala chali. Na hao wavivu wasioijua kesho ndio waliombebea hema, kiti, meza, sanduku la vinywaji na beseni lake la kuogea, mlima hadi mlima. Pengine walivibeba usingizini.

Mkurugenzi alisoma ng'ambo, akarudi na miwani na neno "fasihi ya dunia", na kwa hayo mawili aliongoza idara nzima. Alitangaza kwamba kitabu kitageuzwa mchezo wa redio, sehemu moja kila Jumamosi, na kwamba utakwenda moja kwa moja hewani, kwa sababu mashine ya kurekodia ilikuwa imekufa na mpya ilikuwa bado inaombewa sahihi. Bwana msafiri ataigizwa na msomaji wa habari, aliyeitwa Sauti Nene, ambaye angebana pua kwa vidole ili awe mzungu. Kisha akamgeukia Fundi Kelele. Yeye, pamoja na kelele zake zote, atakuwa mtumishi mwaminifu. Akicheza vizuri hadi mwisho, ajira ya kudumu ni yake.

Furaha ilimnyima Fundi Kelele usingizi. Ajira ya kudumu! Mama angeweza kupumzisha miguu yake kabla cherehani haijampumzisha yenyewe. Na juu ya hayo, baada ya miaka yote ya kuwa mlango na farasi, leo atakuwa mtu.

Mtu wa namna yake, lakini. Maneno yake kitabuni yalikuwa mawili, "Ndiyo, bwana", nayo yaliwekwa kila ukurasa kama chumvi. Anaamshwa usiku: ndiyo, bwana. Anapigwa kiboko: ndiyo, bwana, na hapo mwandishi ameandika kwamba alitabasamu. Juma halikuisha, muuza mkaa akaacha kumwita Fundi Kelele, akamwita Ndiyobwana. Mtaa mzima ukadaka. Hata mwenye duka, mtu ambaye salamu zake huzitoa kama anakopesha, alimcheka mpaka akashika kaunta.

Fundi Kelele alipiga moyo konde. Alijiambia kicheko hakitoboi ngozi, ajira ni ajira. Lakini mama hakucheka. Alisikiliza kila sehemu mguu ukiwa umesimama, na jioni moja, mwanawe akimsaidia kung'oa nyuzi kwenye kola, akamuuliza.

"Mwanangu, huyo mtu unayemwigiza, hana mama?"

"Kitabu hakisemi, mama."

"Na yule mbwa wa bwana?"

Hapo Fundi Kelele akaweka kola chini. Maana mbwa wa bwana alikuwa na mama. Tena mama mwenye sifa, aliyeshinda mashindano ya uzuri huko kwao, na babu yake alilala miguuni pa waziri. Mbwa alikuwa na ukoo uliojaza sura nzima, na mtumishi hakuwa na mbele wala nyuma. Alikuwa ameota tu pale njiani, kama uyoga, siku bwana alipohitaji mtu wa kubeba beseni.

"Mbwa anaye," akasema.

Mama akakata uzi kwa meno. "Basi huyo mwandishi hakuwahi kukaribishwa nyumbani kwa mtu," akasema, akavuta kola nyingine. Fundi Kelele aliona haya kuliko siku zote za kuchekwa na muuza mkaa. Mama yupo hai, amemzaa, amemlea kwa mguu wake wa kulia, na yeye kila Jumamosi anaingia hewani kuwaambia watu kwamba hana mama.

Kesho yake akamwendea Mkurugenzi, mikono nyuma. Aliomba mstari mmoja tu, mtumishi amtaje mama yake, hata kwa kupita tu. Mkurugenzi akamtazama kwa huruma ya msomi. Akamweleza kwamba kitabu ni kitabu, hakiguswi, ukikigusa unaua ukweli wa zama zile. Yeye mwenyewe alikuwa ameshafuta sura yote ambamo bwana anaharisha, lakini ile, alisema, ilikuwa ni kwa heshima ya wasikilizaji. Kisha akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa: sehemu ya mwisho ndiyo kubwa, kifo kitukufu, na fomu za ajira ziko tayari mezani.

Kifo chenyewe kilikuwa hivi. Mbwa anatumbukia mtoni. Bwana anamwamuru mtumishi amfuate. Mtumishi anatabasamu, anasema ndiyo, bwana, anajirusha, anamtupa mbwa ukingoni, mamba anamla. Bwana anavua kofia kidogo, kisha anaivaa, kwa sababu jua ni kali. Na kwa kuwa kelele zote zilikuwa za mtu mmoja, mamba naye alikuwa Fundi Kelele. Yaani ajirushe, ajile, kisha awe mawimbi yanayotulia.

Jumamosi ikafika. Taa nyekundu ikawaka juu ya mlango. Mkurugenzi alikuwa nyuma ya kioo, amevaa tai. Fundi Kelele alipuliza upepo, akatikisa majani makavu, akachota maji ya beseni yakawa mto mkubwa, akabweka, akalia kama mbwa anayezama. Alikuwa hodari mno siku ile, hata Sauti Nene akasahau kwamba wako chumbani.

"Mbwa wangu!" akasema Sauti Nene, pua mkononi. "Mfuate! Jirushe!"

Fundi Kelele akatazama beseni. Alitaka ile ajira, asije mtu akamsingizia kwamba hakuitaka. Aliitaka kama mgonjwa anavyotaka maji. Lakini akilini aliona kigoda cha mama, na majirani, na mguu uliosimama juu ya kanyagio ukingoja kusikia mwanawe akiliwa kwa ajili ya mbwa mwenye mama.

"Hapana, bwana," akasema. "Mbwa ni wako, mfuate wewe. Mimi mama yangu ananisubiri."

Akapanda kwenye sanduku la kokoto, akatembea. Kwanza kwa nguvu, kisha polepole, kisha kwa ncha za vidole, mpaka mtumishi akapotelea mbali. Halafu akashuka, akakunja mikono kifuani.

Hapo ndipo ilipojulikana nani alikuwa amebeba nini. Upepo ulikata, majani yakanyamaza, mto ukakauka. Mbwa hakubweka, maana mbwa pia alikuwa ameondoka. Bwana mkubwa alibaki peke yake katika pori lisilo na hata mdudu. Sauti Nene, mtu aliyesoma habari za vita bila kukohoa, aliachia pua akaita kwa sauti ya kwao alikozaliwa, "Halo? Kuna mtu?" Nchi nzima ikamsikia. Mkurugenzi akagonga kioo kwa ngumi zote mbili, kisha akaweka muziki.

Hakuna haja ya kurefusha. Kibarua kikaota nyasi palepale, na fomu za ajira zikarudi kabatini. Mkurugenzi alisema mambo mengi kuhusu watu wasioweza kufikiria kesho, na hakuona mahali alipoyatoa. Fundi Kelele alichukua beseni lake, kwa sababu lilikuwa lake, akaenda zake kwa miguu.

Njiani alitunga maneno ya kumwambia mama. Yote yalikuwa mabaya. Alipokata kona aliwakuta majirani bado wamekaa: muuza mkaa, mwenye duka aliyefunga duka, na wengine. Redio ilikuwa ikitangaza bei za mazao na hakuna aliyeisikiliza. Walikuwa wakitazama barabara.

"Mama," akaanza, "kile kibarua..."

Mama akainua mkono. "Kwanza nijibu. Umefika?"

"Nimefika, mama."

Mama akanyoosha mkono, akazima redio. Muuza mkaa akasimama, akajikung'uta vumbi, akachukua kigoda chake.

"Haya," akawaambia wenzake, "mchezo umeisha." Nao wakaenda makwao.